Kumfuta msaidizi wa utawala si kubana matumizi

Tangu Rais Donald Trump atie saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, tarehe 20 Januari 2025, taasisi za utafiti wa maendeleo zenye ofisi Kisumu, Siaya na Busia zimekuwa zikipiga hesabu ileile: nani abaki, nani aende. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la misaada la Marekani, USAID, nalo likafunga kazi, na mabaki yake yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Katika hesabu za namna hii, mtu anayeonekana mwepesi kuondolewa ni msaidizi wa utawala, yule anayeketi karibu na mlango, anayepokea barua, kutafuta magari, kuandaa posho na kuhifadhi risiti. Hakusanyi data wala haandiki ripoti, na jina lake halimo katika jarida lolote la kisayansi. Akishaondoka, linatoka tangazo la kazi moja iliyobebeshwa madawati manne: mapokezi, ununuzi, safari na fedha ndogondogo. Wakubwa huita hatua hiyo kubana matumizi.

Dai langu ni kwamba gharama haipungui hapo, inahama. Inatoka kwenye mstari wa bajeti ambao kila mfadhili anauona na kwenda kujificha kwenye data yenye mapengo, kwenye matumizi yanayokataliwa na wakaguzi wa hesabu, na kwenye saa za mtafiti anayelipwa mara kadhaa kuliko yule aliyefutwa. Kosa linaanzia kwenye jina. Tumezoea kuiita kazi hii usaidizi, tukaishia kuamini kwamba inaweza kukatwa na utafiti ukabaki mzima. Kwa utafiti wa nyanjani, hasa huku magharibi mwa Kenya, dawati hilo ni sehemu ya mbinu ya utafiti sawa na hojaji.

Eneo hili linajulikana kwa kazi hizo. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, wameshirikiana tangu 1979, na kituo chao cha Kisian kimefuatilia kaya za Asembo, Gem na Karemo kwa miaka mingi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutolewa hapa kwa majaribio Septemba 2019, uzinduzi ukifanyika Homa Bay. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ina kampasi yake Mbita. Shirika la GiveDirectly lilichagua vijiji 295 vya Siaya na Bomet kwa utafiti wa kipato cha msingi kwa wote. Ila mfano unaonifaa zaidi ni wa Busia. Mwaka 1998 shule 75 za msingi ziliingizwa katika utafiti wa dawa za minyoo, zikagawanywa makundi matatu ya shule 25: kundi la kwanza lianze dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Michael Kremer, mmoja wa waliouongoza, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 kwa mchango wake katika utafiti wa majaribio ya aina hiyo. Sasa fikiria upande wa stoo na magari. Kreti ya dawa ikifikishwa shule ya kundi la tatu katika mwaka wa kundi la kwanza, shule hiyo imetoka kwenye ulinganisho, na hakuna hesabu ya takwimu itakayoirudisha vizuri. Orodha ya nani apelekewe nini, lini, na saini ya nani irudi nayo, ndiyo kazi ya utawala.

Tuchukue mfano wa uchunguzi wa kaya 2,000 katika Kaunti ya Siaya, ukiwa na wahojaji 24, wasimamizi wanne, magari manne na siku 25 za kazi. Kila mhojaji akimaliza kaya nne kwa siku, timu hupata kaya 96, na siku chache zinazobaki ni za kurudia nyumba ambazo wenyewe hawakupatikana. Kabla ya mhojaji wa kwanza kubisha hodi, lazima pawe na kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Leseni hiyo hutolewa kwa mwaka mmoja, na mwenye leseni hutakiwa kuwaarifu kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na gavana kabla ya kuanza. Kutoka hapo barua hushuka kwa naibu wa kamishna, chifu, naibu wa chifu hadi mzee wa kijiji. Mpangilio huo una sababu yake. Chifu anayewaona wahojaji kabla ya barua ana kila haki ya kuwarudisha, na siku imeshaliwa. Yanayoharibika hapa hujirudia: leseni imetaja Siaya peke yake ilhali sampuli imevuka mpaka kuingia Vihiga, kibali cha maadili kimekwisha muda huku leseni bado hai, au nakala zote zimo kwenye gari moja lililoharibika Ugunja. Msaidizi anayejua kazi huanza kuhuisha vibali siku 60 kabla ya kuisha, na kila gari hubeba faili lake lenye leseni, barua zilizogongwa muhuri na orodha ya wahojaji yenye nambari za vitambulisho. Data iliyokusanywa katika pengo kati ya vibali viwili inaweza kukataliwa na kamati ya maadili au na jarida, hata kama kila swali liliulizwa vyema.

Baada ya vibali huja malipo, na hapa ndipo wengi hudharau. Posho hulipwa kwa M-Pesa kwa mkupuo: faili moja lenye jina, nambari ya simu na kiasi. Mtu aliyeajiriwa jana atalitayarisha kwa Excel na kushangaa. Programu hiyo hufuta sifuri ya mwanzo ya 07, na nambari ya tarakimu 12 inayoanza na 254 huionyesha kwa mkato wa kisayansi, 2.54712E+11. Faili likihifadhiwa katika hali hiyo, nambari zote zinaweza kufanana. Kwa hiyo safu ya simu huwekwa kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake. Kisha kuna majina. Mhojaji alijiandikisha kwa jina la kitambulisho, ila laini imesajiliwa kwa jina la dada yake. Mwingine alitoa nambari ya Airtel. Wa tatu alibadilisha laini juzi. Kwa washiriki wa utafiti hali ni ngumu zaidi: mama ambaye kijiji kizima kinamwita Min Otieno, yaani mama yake Otieno kwa Kijaluo, ana jina tofauti kwenye kitambulisho, na simu anayotumia ni ya bintiye. Karani wa Nairobi anayelinganisha majina kwenye skrini atayakataa malipo hayo. Aliyezoea eneo ataomba namba ya kitambulisho, ahakikishe kwa mzee wa kijiji, na kuandika maelezo ya nani anapokea kwa niaba ya nani. Halafu lazima mtu mmoja aandae malipo na mwingine ayaidhinishe. Madawati manne yakiwekwa mikononi mwa mtu mmoja, nenosiri la muidhinishaji huishia kuandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, maana mkurugenzi yuko safarini na wahojaji wanapiga simu.

Malipo yakichelewa siku mbili na timu ikagoma kutoka, umepoteza mahojiano 192, karibu sehemu moja ya kumi ya sampuli nzima, na magari manne yanalipiwa yakiwa yameegeshwa. Hasara hiyo angalau inaonekana. Ile isiyoonekana hutokea pale timu inapotoka bila posho. Mhojaji asiye na nauli ya bodaboda haendi kwenye kaya iliyo kilomita tatu kutoka barabara ya lami. Ataandika kwamba mwenye nyumba hayupo, ama atahoji jirani aliye karibu. Kaya za kando ya barabara zina maduka, umeme na simu kuliko zile za ndani, na tayari wastani wa kipato umepanda bila mtu yeyote kuwa tajiri zaidi. Mtafiti akiiona tofauti hiyo miezi sita baadaye ataitafutia nadharia.

Magari nayo yana somo lake. Mvua za masika huku hunyesha Machi hadi Mei, na mavuno makuu ya mahindi huja kuanzia Julai na Agosti. Swali la chakula au kipato likiulizwa Aprili, wakati ghala ni tupu, jibu lake si lile la Agosti. Msaidizi anayepanga safari kwa kutazama dizeli pekee atamaliza vijiji vya karibu kwanza na kuacha vya mbali kwa baadaye. Uamuzi huo una akili ya kawaida, lakini kama vijiji vingi vya kundi lililopata huduma viko karibu, umelinganisha msimu wa njaa na msimu wa shibe ukaiita tofauti hiyo matokeo ya mradi. Vivyo hivyo kwa mafuriko ya Nyando na Budalang'i, au kwa timu inayopaswa kuvuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita na kukuta foleni. Mpango mzuri huoanisha vijiji kutoka makundi yote katika kila wiki, na huwa na vijiji vya akiba vya upande uleule barabara ikifungwa. Msaidizi hahitaji kujua kijiji gani kilipata huduma, na ni afadhali asijue. Anachohitaji ni kujua kwamba vijiji hivi viwili havitenganishwi wiki, na kuwa na mamlaka ya kumwambia msimamizi hapana.

Liko jambo jingine linalozungumzwa kidogo mno, nalo ni mgongano wa mkaguzi wa hesabu na kamati ya maadili. Mshiriki akirudishiwa nauli, mkaguzi anataka jina, saini na nambari ya kitambulisho. Kamati ya maadili inataka asitambulike. Daftari moja lililoachwa kwenye meza ya mapokezi, lenye majina ya watu 40 waliolipwa nauli na utafiti wa virusi vya ukimwi, ni uvunjaji wa siri hata kama kila shilingi imefika. Njia inayofanya kazi ni madaftari mawili. La malipo huandikwa nambari ya utafiti, kiasi, tarehe na saini au alama ya kidole. Orodha inayounganisha nambari na majina hufungiwa kabatini kwa afisa mwingine asiyegusa fedha, na mkaguzi huonyeshwa majina machache aliyoyachagua mwenyewe baada ya kutia saini ya kutunza siri. Ujumbe wa M-Pesa nao huonyesha jina la akaunti iliyotuma. Jina hilo likitaja ugonjwa, simu inayotumiwa na mke na mume imeshatoboa siri ambayo daktari aliilinda. Msaidizi makini hulikagua jina la akaunti kabla ya malipo ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitanii: data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Kodi nitaipitia haraka kwa kuwa angalau inajulikana. Kuanzia 1 Januari 2024, matumizi ya biashara yanatakiwa kuwa na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, nayo huwa na maana kwako ikiwa ina PIN, yaani nambari ya mlipakodi, ya mnunuzi. Mwenye gesti ya Ukwala au mama wa chakula cha mafunzo mara nyingi hana mfumo huo, ingawa sheria sasa inamruhusu mnunuzi kuitoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kodi ya zuio kwa ada za kitaalamu ni asilimia 5 kwa mkazi na hupelekwa kwa mamlaka ya mapato, KRA, ndani ya siku tano za kazi. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri. Mhojaji anayeitwa kibarua na kuendelea kazini mfululizo zaidi ya mwezi anaweza kugeuka mfanyakazi wa mkataba chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, apende au asipende mwajiri. Kila kimoja cha hivi ni kidogo. Vikisahauliwa pamoja kwa mwaka, huja riba, faini na barua ya wakili.

Wanaotetea ukataji wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni ukavu wa hela zenyewe. Wafadhili wengi hulipa gharama za uendeshaji kwa kiwango cha chini kilichofungwa. Taasisi za afya za Marekani, NIH, kwa miaka mingi zimezipa taasisi za nje ya nchi hiyo asilimia 8. Kanuni za jumla za ruzuku za serikali ya Marekani ziliongeza kiwango cha msingi kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024, na Februari 2025 NIH ikatangaza kuvishusha hadi 15 hata vyuo vikuu vya Marekani kwenyewe vilivyozoea zaidi ya hapo, hatua ambayo mahakama iliizuia. Mradi wa dola 500,000 kwa asilimia 8 huacha dola 40,000 za kodi ya nyumba, umeme, intaneti, mlinzi, mhasibu na ukaguzi. Mkurugenzi anayekata hapo hana roho mbaya, amebanwa kweli.

Hoja ya pili ni kuhamishia kazi Nairobi. Naikubali zaidi kuliko wenzangu wengi. Ofisi kuu yenye wahasibu watatu inaweza kutenganisha anayeomba, anayenunua na anayelipa, jambo ambalo ofisi ya watu sita Kisumu haiwezi. Mikataba, kodi na uidhinishaji wa malipo vinafanyika vizuri kutoka mbali. Tena tuseme ukweli ambao makarani wenyewe hawapendi kuusikia: yapo madawati ya utawala ya mikoani yaliyogeuka vituo vya ushuru. Nukuu tatu za bei hudaiwa kwa sabuni za shilingi 2,000, huku matengenezo ya gari ya shilingi 200,000 yakienda kwa fundi mmoja miaka mitano mfululizo. Risiti za gesti huandikwa kwa mwandiko mmoja kwa majina ya hoteli tatu. Gari lililozoea kilomita 8 kwa lita huanza kuleta 5, na hakuna anayelinganisha daftari la safari na stakabadhi za kituo cha mafuta. Kama kukata madawati ni jibu la wizi huo, basi sababu ipo. Lakini tiba ya wizi ni kutenganisha kazi, na tangazo la kazi moja yenye madawati manne linafanya kinyume chake: yuleyule anatafuta bei, anapokea mzigo, anaandaa malipo na kutunza risiti. Mkaguzi yeyote ataanza kuchimba hapo.

Hoja ya teknolojia iko katikati. Programu za akili unde husaidia kuandika muhtasari wa mkutano, kupanga ratiba na kusoma risiti zilizopigwa picha. Zitumike. Hata hivyo, kuingiza orodha ya washiriki na simu zao katika programu ambayo seva zake ziko ng'ambo ni kuhamisha data binafsi nje ya nchi, na sheria ina masharti juu ya hilo. Na programu haiendi kwa chifu. Haiwezi kutambua kwamba risiti ya pikipiki ya Usenge imeandikwa siku ambayo timu ilikuwa Yala.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana: kwamba kazi hii inaweza kufanywa na yeyote, kwa hiyo watafiti na wasimamizi wajifanyie wenyewe. Ukiitazama kwa hesabu inaanguka. Msimamizi wa timu yuko nyanjani saa kumi na mbili asubuhi. Kazi yake ya jioni ni kukagua mahojiano 24 ya watu wake sita, kutazama majibu yanayopingana na kuamua nyumba za kurudia kesho. Mpe na masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa mapema na kurejeshewa hesabu, nukuu za bei ya gesti na orodha ya posho, na utaona anachoacha. Hataacha posho, kwa kuwa watu watamgomea. Ataacha ukaguzi wa data, kwa kuwa data hailalamiki. Dosari ambayo ingerekebishwa kesho yake kwa kurudi nyumba moja itagunduliwa Kisumu baada ya wiki tatu, timu ikiwa imeshahama kaunti. Kuhusu mtafiti mkuu, saa moja yake ya kupatanisha risiti ni saa ya gharama kubwa kuliko saa ya msaidizi, naye huifanya vibaya zaidi. Wengi hawajui kwamba masurufu mapya hayatolewi kabla ya yale ya awali kurejeshwa. Hulijua hilo Alhamisi, wakati gari linatakiwa Ijumaa.

Kama huu ndio ukweli wa kazi, bajeti ziandikwe kwa kuufuata. Jambo ambalo waandishi wengi wa maombi ya fedha hulipuuza ni kwamba kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, 2 CFR 200, hazikatazi mshahara wa utawala kutozwa mradi moja kwa moja. Zinauruhusu ikiwa kazi hiyo ni sehemu ya lazima ya mradi, mtu anaweza kutambulishwa na mradi huo, na gharama yake haidaiwi tena ndani ya asilimia ya uendeshaji. Uchunguzi wa kaya 2,000 wenye magari manne unatimiza masharti hayo bila kusukumwa. Maelezo ya bajeti yasiseme "msaidizi wa utawala, asilimia 60". Yaseme mtu huyu ataandaa malipo ya wahojaji 24, atapanga magari kwa mpangilio wa sampuli, atatunza daftari la siri la marejesho ya nauli na kuhuisha vibali. Kisha ajaze fomu ya saa za kazi kila wiki, akigawa saa zake kwa kila mradi kama zilivyotumika. Fomu inayoonyesha 60 na 40 kila mwezi bila kubadilika humwambia mkaguzi kwamba iliandikwa siku ya kusaini. Nyaraka zihifadhiwe kwa muda ulio mrefu kati ya masharti mawili: kanuni za Marekani zinataka miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho ya fedha, sheria ya kodi ya Kenya inataka mitano.

Mgawanyo wa kazi nao hauhitaji watu wanne. Ofisi ndogo inaweza kubakiza Kisumu yale yanayohitaji miguu na macho: vibali, magari, uhakiki wa majina, kupokea mizigo na kuihesabu. Nairobi ichukue uidhinishaji wa malipo, kodi na mikataba. Mapokezi yanaweza kufa, na mgeni apige kengele. Mtu wa tatu, hata akiwa mhasibu wa mradi mwingine jengo hilohilo, ahesabu fedha taslimu kwa kushtukiza mara moja kwa mwezi na kulinganisha kilomita na mafuta.

Linalobaki ni namna ya kumpata mtu mwenyewe. Matangazo ya kazi hizi huomba shahada, uzoefu wa miaka mitano na "uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo", kisha mkataba ni wa miezi mitatu na usaili ni wa maswali ya kujieleza. Anayepita ni mwenye Kiingereza cha kupendeza. Afadhali mwombaji apewe kompyuta, dakika 45 na mambo matatu. La kwanza ni faili la malipo la watu 24 lenye nambari mbili zilizopoteza sifuri, jina moja lisilolingana na mtu mmoja aliyeorodheshwa mara mbili. La pili ni risiti kumi za safari ya siku tatu, mojawapo ya Jumapili ambayo hakuna aliyesafiri. La tatu ni ramani ya vijiji 12, utabiri wa mvua na magari mawili, apange wiki. Asiulizwe lolote kuhusu ndoto zake. Akirudi kabla ya dakika kwisha kuuliza kwa nini vijiji vya 7 na 8 vimewekewa alama moja, mkataba wake usiwe wa miezi mitatu.